Daftari la Kitenzi Kimoja

Kitale
3 Aprili 2001

Kwa Baba mkwe, Mwalimu Hesbon Wakhungu,

Habari za siku nyingi, Baba? Mguu wa Mama unaendeleaje? Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Mukhisa wako bado yuko Lokichoggio na lori ya chakula cha msaada, atarudi mwisho wa Mei, kwa hivyo niko peke yangu na mtoto.

Naandika kwa sababu kwenu mke wa mtoto hakai uso kwa uso na babamkwe akimuuliza maswali, na mimi nina maswali. Nimeona karatasi haina macho, labda inakubalika. Kama nimekosea, unisamehe. Sisi watu wa kutoka Nyeri hatukuzaliwa na hizi heshima zenu, tunajifunza tukijikwaa.

Mtoto analia, Baba. Si kulia kwa watoto, hiyo naijua, nimelea wadogo zangu wanne. Anaanza saa nne asubuhi, na ni hiyo tu mpaka saa kumi. Saa kumi ikigonga ananyamaza ghafla, na usiku analala vizuri mpaka naogopa, naweka kidole chini ya pua yake. Kliniki wameangalia masikio, tumbo, damu, wakasema hana kitu. Lakini alikuwa kilo nne na robo na sasa ni kilo nne kasoro. Ziwa anasukuma kwa mkono kama mtu mzima aliyekasirika.

Sasa hii ndiyo sababu ya barua. Lile sanduku la vitabu ulilompa Mukhisa Krismasi, paa lenu lilipokuwa likivuja, ndani kuna daftari la jalada jeusi. Wiki jana nilikuwa nimechoka, nikalichukua nisome chochote kwa sauti, hata kama sielewi, ndio nisisikie kilio. Nikasoma ukurasa wa kwanza: clamo, clamas, clamat. Mtoto akanyamaza! Saa tano mchana, akanyamaza, akageuza shingo kuangalia dirisha. Nilipofunga daftari akaanza tena.

Hicho ni nini, Baba? Na kwa nini mtu ajaze daftari zima na neno moja tu, kurasa mia na kitu? Mukhisa aliniambia ati huo ni ugonjwa wako wa kustaafu, lakini jalada limeandikwa 1958.

Mkazamwana wako,
Mary Ann Wangechi


Kanduyi, Bungoma
11 Aprili 2001

Mkazamwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa Kipketer muuza vitunguu. Huna kosa lolote. Ningependa wanangu wa kuwazaa nao wangejua kuandika barua yenye kichwa na miguu namna hiyo.

Umeniuliza jambo la kitaalamu nami nitakujibu kama mwalimu. Hicho ni kitenzi cha Kilatini, clamare, kupaza sauti. Warumi walikitumia kwa mtu anayepiga ukelele sokoni au vitani. Dola yao ilipokufa kitenzi hakikufa. Kiligawanywa kama shamba la marehemu. Waitaliano wakapata chiamare, Wahispania llamar, Wareno chamar, Waromania chema. Wafaransa wamebaki nacho vitabuni tu, kazini wanatumia kingine. Na popote kilipofika kikabadilika tabia: kutoka kupiga ukelele kikawa kumwita mtu, na kutoka kumwita mtu kikawa kumpa jina. Mhispania akikutajia jina lake anatumia kitenzi hichohicho cha ukelele. Ninalijazia daftari hilo mifano tangu ujana wangu, kutoka Misale, kutoka kamusi, kutoka barua za mapadre. Kila mtu na starehe yake. Wenzangu walinunua ng'ombe.

Mtoto amependa mahadhi, basi. Nilifundisha Kilatini seminarini miaka thelathini na moja, na mpangilio wa kitenzi hubembeleza hata madume yenye ndevu.

Mama yenu Edah ananisumbua niandike jambo jingine. Kwetu mtoto akilia bila ugonjwa husemwa kwamba kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Basi huketi mtu na kumtajia mtoto majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na likifika lenyewe mtoto hunyamaza. Nyinyi mlimpa jina la Edah, aliye hai, kwa mpango wa kwenu wa kufuata mabibi. Mimi ni Mkristo, sina neno. Lakini ili Edah anyamaze naye, haya hapa majina ya wanawake wetu waliokwisha kulala: mama yangu Phelista, bibi yangu Khakasa, shangazi yangu Namarome. Hao ndio wote.

Daftari nirudishie kwa Kipketer.

Wako katika Kristo,
H. Wakhungu


Kitale
24 Aprili 2001

Baba,

Asante kwa kunifundisha. Nilisoma ile barua mara mbili, na ile ya kugawanywa kama shamba nikacheka peke yangu. Ni kitambo sijacheka.

Majina nimeyataja. Nilikaa kitandani saa tano kamili nikamwambia mtoto, Phelista. Khakasa. Namarome. Mama yangu alikuwa amekuja kunisaidia, akasimama mlangoni na mikono kiunoni akisema, "Wangechi, sasa umekuwa mganga?" Kwetu majina yanafuata laini, hakuna kubembeleza wafu. Lakini hata yeye ameacha kucheka, kwa sababu mtoto alilia kwa kila jina zaidi ya lile lililotangulia, mpaka akawa kama anatukemea.

Daftari sijarudisha. Nisamehe, ndiyo dawa pekee niliyo nayo. Na nimegundua kitu. Si wimbo wote unaomnyamazisha, Baba. Nikisema clamo, analia zaidi, anatoa macho. Nikisema clamas, ananyamaza hapohapo. Nikiendelea na clamat na hizo zingine hajali. Ni hilo la pili tu analotaka. Nimejaribu siku sita, asubuhi na mchana, ni vilevile. Lakini mimi nikilisema linafanya kazi dakika tano, kumi, kisha anaanza tena, kama mtu aliyejibiwa na mtu asiye yeye.

Kuna mengine mawili. Nilitaka nisiyaandike.

Jumanne, shuka la mtoto lilikuwa limelowa. Nikadhani ni mkojo. Lilikuwa limelowa kutoka kiunoni kwenda chini, maji baridi, na lilinuka matope ya mtoni, ile harufu ya majani yaliyooza. Hapa kwetu hakuna mto, unajua. Maji tunachota kwa bomba.

Na jirani yangu Jepkoech, anayeniletea maziwa, juzi aliniuliza, "Huyo msichana wenu wa kazi mmetoa wapi?" Nikamwambia sina msichana wa kazi. Akaniambia si huyo anayeita kutoka kwa mahindi kila siku mkiwa ndani? Ati anaita neno moja, ananyamaza kama anangoja, anaita tena. Mahindi yenyewe sasa ni ya kufika gotini, Baba. Hakuna mtu anaweza kujificha hapo.

Mtoto ni kilo tatu na nusu. Naomba ufikirie vizuri. Hao watatu ndio wote kweli?

Wangechi


Kanduyi
2 Mei 2001

Mary Ann,

Ni nani aliyekuambia habari hizo? Kama ni ndugu zangu wa Bokoli, kule nilikozaliwa, wamekosa adabu, nawe umekosa adabu kuzipokea. Kama hakuna aliyekuambia, basi umechoka, na mtu aliyechoka husikia na kunusa mambo.

Hao watatu ndio wote. Nimekwisha andika hivyo.

Mpeleke mtoto kanisani Jumapili hii abatizwe kwa jina alilo nalo. Daftari usilirudishe tena. Lichome. Lile neno usilitamke mbele ya mtoto wala nyuma yake. Hilo ni agizo la mzazi.

H. Wakhungu


Kanduyi
9 Mei 2001

Mama Edah mdogo,

Pole sana mama. Ni mimi kukhu wa mtoto, bibi yake, Edah mwenyewe. Mzee hajui naandika. Ameenda misa, mimi nimebaki kwa sababu ya mguu, na mwandiko wangu utauvumilia, niliachia shule darasa la nne.

Hiyo barua alikuandikia niliiona ikiwa mezani. Usikasirike. Mimi nimeishi na huyu mtu miaka thelathini na sita na hajawahi kuinua sauti kwa mke wa mtoto. Huyo hakuwa yeye, hiyo ilikuwa woga.

Sasa sikiza. Nilipoolewa, Namarome yule shangazi yake alinivuta kando jikoni, akaniambia, katika hii boma kuna mmoja hatajwi. Usiulize, na mtoto wako asipewe. Nikauliza ni nani, akaniambia nikiambiwa jina nitalisahau wapi? Basi nikanyamaza, nikazaa watoto saba, nikawapa majina wengine. Namarome alikufa na hilo neno.

Lakini mimi si mjinga. Mvua ikinyesha mchana, Mzee huacha chochote anafanya, anaenda kufunga dirisha la upande wa Bokoli. Si madirisha yote, hilo moja. Nikimwuliza anasema kelele za mto zinamsumbua. Bana, Kanduyi hapana mto. Hapa ni barabara na uwanja wa mpira.

Tangu barua yako ya pili hali ugali. Anakaa kwa kiti anaangalia mikono yake. Juzi nilimwambia mtoto atakufa, akaniambia, "Najua, Edah, najua." Kisha akatoka nje akasimama kwa mvua.

Mwandikie tena. Mimi nikimwuliza ananifunga mdomo kwa upole wake. Wewe ni mtu wa mbali, na ni wewe uko na mtoto. Usimwogope. Mwombe jina.

Mimi,
Kukhu Edah


Kitale, wodi ya watoto
19 Mei 2001

Baba,

Naandikia gotini, mtoto yuko kitandani na maji yameingizwa kwa mshipa wa kichwa kwa sababu wa mkono wameukosa. Kilo tatu na kidogo. Daktari ni kijana mpole, ameniambia ukweli: hajui anatibu nini, na wiki nyingine kama hii mtoto hataimaliza. Hata kulia sasa ni kama paka. Lakini saa nne ikifika bado anajaribu.

Sikubatiza. Daftari sikuchoma. Kama ni adabu nimekosa, nitaomba msamaha mbele ya wazee, nitaleta chochote mtakachosema, lakini baadaye.

Nataka nikuambie nilichoona jana, na uniamini, mimi ni mhasibu wa shule, kazi yangu ni kuangalia kurasa. Hilo daftari nimelipitia tangu Machi kurasa zote, najua kila moja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu. Jana niliufungua. Kuna maandishi ya penseli, mwandiko wa mtoto anayejitahidi, herufi kubwakubwa zinazopanda mlima. Ameandika clamo. Chini yake clamo. Mara tisa, moja chini ya nyingine, upande wa kushoto. Upande wa kulia, mbele ya kila moja, ameacha nafasi. Karatasi imejikunja kama iliyolowa ikakauka.

Nilimwonyesha muuguzi. Akaniuliza ni kazi ya shule ya nani.

Baba, mimi simjui huyo, simwogopi tena, nimechoka kuogopa. Ananionea huruma au hanionei, sijui. Lakini kuna mtu anaita na wewe unajua ni nani. Nakuomba jina. Nakuomba kwa magoti. Huyu ni mtoto wa mtoto wako, hana kosa, ana wiki kumi na tano duniani.

Wangechi


Kanduyi
23 Mei 2001

Mwanangu Wangechi,

Jina lake ni Rispah.

Nimeliandika, na mkono haukukauka. Miaka arobaini na sita sijaliandika wala kulitamka. Acha nikueleze kwa mpangilio, maana nisipofuata mpangilio nitakimbia.

Rispah alikuwa dada yangu, wa tumbo moja, mdogo wangu kwa miaka mitatu. Mwaka 1955 nilikuwa na miaka kumi na sita nikijiandaa kwa mtihani wa kuingia seminari. Padre alinifundisha Kilatini jioni, na nyumbani nilikariri. Rispah hakupelekwa shule, lakini alinishikia kitabu, akasikia, akashika kila kitu. Tukatunga mchezo. Yeye akiwa ng'ambo ya mto Kuywa akichuma mboga, nami huku kwenye migomba, mmoja hupaza sauti: Clamo! Naita. Mwingine humjibu: Clamas. Unaita. Kisha twaendelea mpaka mwisho. Ndivyo tulivyojuana tuko salama, kila mmoja upande wake.

Siku moja ya Mei Padre alinijaribu mbele ya dada yangu, nikakwama. Rispah akamalizia, akiwa amesimama mlangoni na kikapu kichwani. Padre akacheka, akasema, "Kama wasichana wangepokelewa, ningemchukua huyu nikakuacha wewe." Alifanya mzaha. Mimi sikuusikia kama mzaha. Sikulala.

Kesho yake saa nne asubuhi nilikuwa kwenye migomba na kitabu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha mlimani, mto umejaa. Nikamsikia: Clamo! Nikasema moyoni, leo sitakujibu. Jifunze mwenyewe, si wewe ndiwe mjuzi. Akaita tena. Nikageuza ukurasa. Kwenye mara ya nne sauti ilikuwa imebadilika, Wangechi. Nilisikia imebadilika. Siwezi kusema sikusikia. Nikajiambia anaigiza ili nimjibu. Akaita mara tisa. Nilihesabu, maana nilikuwa nahesabu ni mara ngapi nitaweza kumnyima. Mara ya kumi haikuja.

Niliposhuka, gogo la kuvukia halikuwepo. Kikapu kilikuwa kimenasa kwenye matete.

Nilikaa hapo mpaka saa kumi. Ndipo nikaenda kwa baba, na nilipofungua mdomo nikasema uongo. Nikasema nimemwona Rispah akienda kwa shangazi kwa njia ya Webuye. Walimtafuta Webuye siku tatu. Walipogeukia mto ulikuwa umekwisha kumchukua. Hatukuzika kitu. Baba akasema asiye na kaburi hana pa kutokea kurudi, jina lake lisipewe mtoto, lisitajwe. Mimi nikaenda seminarini nikapasi mtihani.

Ulitaka kujua kwa nini kitenzi kimoja. Kila lugha niliyokikuta ndani yake, nilikuwa natafuta moja ambayo ningeweza kumjibu kwayo. Sikuipata. Zote zilinirudisha kwenye ile migomba.

Sasa sikiliza. Usimtajie mtoto jina hilo wewe. Nilikuandikia orodha ile kwa dharau, lakini wazee walisema kweli: lazima aitwe na damu yake. Na anayedaiwa jibu ni mimi. Jumamosi asubuhi nitakwenda Bokoli. Kwanza tutazika mgomba, ndivyo kwetu tunavyomzika aliyepotea bila mwili, kwa sala na kila kitu, apate kaburi. Wajukuu wa ndugu zangu wameanza kuchimba, na nimewaambia sababu. Mmoja ametema mate chini. Ana haki.

Nikimaliza nitapanda gari nije Kitale, nitafika jioni. Mwambie asubiri kidogo. Ninaogopa, mwanangu. Ninaogopa kwamba baada ya kumwitikia atataka zaidi ya jina. Lakini nitakuja.

Baba yako,
Hesbon


Kitale, wodi ya watoto
27 Mei 2001

Baba mpendwa,

Nampa Kipketer hii asubuhi hii hii, nikiomba ikukute umefika salama, maana uliondoka hata bila chai.

Ananyonya! Tangu jana mchana ananyonya kama mtu anayelipwa, na saa nne ya leo imepita, na saa tano, hakulia. Daktari amekuja mara tatu kumwangalia, mara ya tatu alileta wenzake. Mama yangu ameimba mpaka akakatazwa na sista. Sina neno la kukushukuru, Ngai akubariki.

Nilikuwa nakungoja jioni kama ulivyoandika, kwa hivyo nilishtuka kukuona mlangoni saa nne, mtoto akianza tu kile kilio chake. Pengine mlimaliza sala mapema. Niliona umelowa mpaka kiunoni, nikataka kukupa leso ujikaushe, lakini hukuniangalia. Halafu uliketi kwa kitanda changu. Nilishangaa, kwa sababu babamkwe wa kwenu haketi kwa kitanda cha mke wa mtoto hata nyumba ikiungua. Nikasema moyoni, leo heshima imekaa kando.

Ulipomwita Rispah aligeuza kichwa upande wako, si upande wa dirisha. Ulipoanza kujibu nilihesabu na wewe. Kila ukijibu alipumua mara moja, pumzi ndefu, na ya tisa alifunga macho. Sijawahi kusikia mtu akisema neno kwa upole hivyo. Nililia, Baba, nimeshindwa kukuficha.

Nilikupa daftari ukaliweka mfuko wa ndani wa koti. Ulinishika mkono, mkono wako ulikuwa baridi sana. Kunywa tangawizi, utashikwa na kifua.

Swali moja tu, la udadisi. Jepkoech alikuwa getini analeta maziwa, akakuona ukitoka. Anasema ulikuwa umemshika mkono msichana wa miaka kama kumi na tatu, mwenye kikapu kichwani, na mlikuwa mnaongea kwa furaha, mnasemezana kwa zamu. Mimi sikumwona akiingia na wewe. Ni mjukuu wa Bokoli? Mbona hukumleta ndani nikamsalimia?

Mkazamwana wako mwenye furaha,
Wangechi


Kanduyi
30 Mei 2001

Mama Rispah,

Kaa chini kwanza. Kama mtoto uko naye mikononi, mweke kitandani.

Barua yako kwa Mzee imefika jana, na watu wamejaa hapa nje kwa matanga yake. Nimesomewa na Padre mbele ya ndugu zake wote. Padre aliikunja akanirudishia, akaomba maji ya kunywa.

Mzee hakufika Kitale. Jumamosi alfajiri aliondoka hapa na koti lake la kanisani, nikamsindikiza mpaka mlangoni na huu mguu. Alinishika mkono, akaniambia, "Edah, dirisha lile sasa unaweza kuliacha wazi." Bokoli walizika mgomba, wakaomba vizuri, akaomba radhi mbele ya watu wote, hata yule kijana aliyetema mate alimpa mkono. Kisha saa nne wakiwa wanafukia, wakamwona ameinua kichwa kama mtu ameitwa. Wao hawakusikia kitu. Akateremka kwa mto, akijibu kwa sauti, neno moja, moja. Walidhani anamalizia sala kwa Kilatini, kwa hivyo hawakumfuata. Walipoenda kuangalia maji yalikuwa yamemfika kiunoni, na anaendelea. Walikimbia, lakini mto umejaa mwezi huu.

Walimpata Jumatatu, chini ya daraja, na uso wake, mama, ulikuwa umepumzika. Mimi nimeosha wafu wengi, najua uso. Sijawahi kumwona hivyo tangu anipose.

Siulizi ni nani aliketi kwa kitanda chako. Wewe ulimwona, mtoto alimsikia, inatosha. Mukhisa ametumiwa habari Lokichoggio, atapitia hapo akuchukue. Tutazika Jumamosi, Bokoli, kando ya ule mgomba. Kuja na mtoto, nimtaje mbele ya wote, ndio kila mtu ajue jina limerudi.

Kuna kitu kimoja nimeficha wanaume, nakuambia wewe peke yako. Nilipomvua koti, limejaa maji na mchanga, kwa mfuko wa ndani nilikuta daftari jeusi. Siku mbili ndani ya mto, na lilikuwa kavu. Kavu kabisa, kama limetoka kwa kabati. Nikafungua ukurasa wa mwisho, ule uliomwandikia Mzee. Mimi sijui Kilatini, lakini mwandiko wa mume wangu naujua, na kalamu yake ya wino wa bluu naijua. Upande wa kushoto ni penseli ya mtoto. Upande wa kulia ni yeye. Nimehesabu kwa kidole, polepole, mara mbili. Ziko tisa huku na tisa huku.

Nitamzika nalo.

Na huyo Rispah wetu akikuita, hata kama una kazi, hata kama amekukasirisha, mwitikie.

Kukhu wake,
Edah